Sentimita Nne za Fundi Sindano

Tulimwacha Sindano kidole kikiwa juu. Wiki nzima imepita tangu toleo lililopita la gazeti na kidole bado kiko juu, maskini, kimeanza kufa ganzi. Tukishushe.

"Kaka yako," alisema.

Hilo ndilo jibu. Nesi, mkewe, alikuwa ameuliza swali moja tu, amesimama katikati ya jiko lililobomolewa, mkononi ana karatasi ya vipimo: "Nani alipima ukuta huu?" Mbele yake makabati matatu mapya yamesimama sawasawa kama askari wa gwaride. La nne limekataa kuingia. Limechomoza nje kama mguu wa mtoto uliokataa kiatu.

Na mumewe, fundi cherehani wa miaka kumi na mitano, mwembamba kama jina alilopewa na mtaa, akanyoosha kidole dirishani, upande wa karakana ya shemeji yake.

Uongo mtupu! Wewe unajua, mimi najua, na kabati la nne linajua.

Kwa aliyechelewa kuingia, avute kiti, asisukume wenzake. Makabati haya ni yale ya kuunganisha mwenyewe. Unapeleka vipimo dukani, wanakukatia mbao, wanakurudishia maboksi, pakiti za skrubu, kiufunguo kilichopinda kama kidole cha bibi, na karatasi yenye picha ya mtu asiye na nywele anayefurahia kazi. Ukishachana nailoni, duka halikujui tena.

Nesi alikuwa ametoa amri: "Apime kaka. Wewe usiguse." Lakini kaka alikuwa mbali, anatengeneza milango ya shule, na punguzo la duka lilikuwa linaisha Jumamosi ile. Sindano akajiambia, mimi napima watu wanaopumua na kucheka, sembuse ukuta uliosimama? Akapima. Akamwambia mkewe kaka alipita asubuhi akapima, akaondoka haraka.

Na mkono wake, bila kuombwa, ukafanya kile unachofanyia kila sketi na kila suruali. Ukaongeza sentimita mbili upande huu, sentimita mbili upande ule. Nafasi ya mshono.

Ukuta hauna mshono, Sindano!

Alilijua kosa lake sekunde ileile kabati lilipokwama. Bado alinyoosha kidole.

"Kaka yangu akosee sentimita nne?" Nesi alikunja uso. "Yule anayeitwa Milimita? Yule ambaye akikata mkate vipande vinalingana hadi makombo?"

"Kuteleza si kuanguka, mke wangu."

"Kuteleza kwa sentimita nne ni kuanguka na kuvunjika kiuno!"

Nesi akalivuta kopo la biskuti lililokuwa juu ya friji. Humo hamkuwa na biskuti tangu miaka miwili iliyopita. Mlikuwa na bahasha. Kila zamu ya ziada aliyofanya wodini iliingia humo, na kila bahasha iliandikwa kazi yake: Makabati. Kaunta. Sinki na bomba. Rangi. Ya mwisho iliandikwa Dharura, na hiyo ilishonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Aliishona Sindano mwenyewe, kwa mkono, mbele ya mkewe na mama mkwe, wakakubaliana haifunguliwi mpaka wote wawili wawepo.

Bahasha ya Makabati aliigeuza juu chini. Haikutoa hata vumbi.

Macho ya Sindano yakaenda kwenye uzi mwekundu. Nesi akafunika kopo haraka, nusura limbane kidole.

"Na hiyo usiitazame. Dharura ni bomba kupasuka. Dharura si fundi kulewa namba. Aliyekosea atalipa."

"Sawasawa kabisa," akasema Sindano, na moyoni mwake kitu kikakaa chini na kuanza kulia.

* * *

Milimita alifika kabla sufuria ya chai haijachemka. Penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Hakusalimia mtu. Alilisalimia kabati kwanza, kwa kuligonga, kama daktari anavyogonga kifua.

"Limekuwaje hili?"

"Wewe ndiye utuambie," Nesi alimpa karatasi. "Vipimo vyako hivyo."

Milimita akafungua mdomo. Akaufunga.

Akavuta futi yake ya chuma, akaibana kona hadi kona. Mia mbili arobaini. Akatazama karatasi. Mia mbili arobaini na nne. Akapima ukuta wa sinki. Mia moja themanini. Karatasi ilisema mia moja themanini na nne. Ukuta mdogo wa dirishani ulikuwa tisini na sita. Karatasi ilisema mia moja.

Kila mahali nne.

Kisha polepole akamtazama shemeji yake. Sindano alikuwa ameokota skrubu sakafuni na anaichunguza kama imeandikwa jina lake.

"Kaka," sauti ya Nesi ilipungua, "ni kweli ulipima hivi?"

Moyo wa Sindano ulikimbia kama cherehani iliyokanyagwa na mlevi. Sasa ataniumbua. Sasa atasema, dada, siku hiyo sikuwepo hata mjini. Basi na aseme, yaishe.

Milimita akaitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Ni mimi," akasema.

Nani? Ndiyo, hata mimi nilishangaa.

"Nilikuwa na haraka, dada. Nisamehe."

Nesi akakaa juu ya boksi la bawaba. "Wewe? Wewe uliyenichekea harusini kwangu eti keki imekatwa upande? Kaka, nimelala nimesimama wodini miaka miwili kwa ajili ya haya maboksi!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungepima mara mbili!"

"Makabati matatu yatakatwa upya, moja kila ukuta. Nitalipa mimi. Saa kumi jioni leo utakuwa na pesa mkononi." Akageuka. Alipompita Sindano mlangoni hakumgusa, hakumsonya, hakumkonyeza. Alimwambia tu, kwa adabu, "Nipishe, shemeji."

Heri angempiga ngumi.

Nesi akafuta macho kwa mkono wa sare yake, akamimina chai kikombe kimoja, akakisukuma mbele ya mumewe.

"Kunywa, mume wangu. Angalau wewe hujaniangusha."

Sindano akanywa. Nasema alikunywa! Chai ya moto, tangawizi na sukari juu yake, na ilimshuka kama amemeza pini. Kila fundi huzibana pini mdomoni wakati wa kazi, lakini hakuna anayezimeza. Yeye alizimeza zote, moja baada ya moja, hadi kikombe kikaisha, maana kukibakisha kungezua maswali.

* * *

Saa sita alikuwa karakana.

Milimita amekaa juu ya gogo, kitambaa mkononi, anausugua msumeno wake wa umeme. Taratibu, jino baada ya jino.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Namwosha marehemu. Mnunuzi anakuja saa kumi. Nimemwelekeza kwenu, nataka pesa ziingie mkononi mwa dada moja kwa moja."

Sindano aliijua historia ya msumeno ule. Milimita alikata kwa mkono miaka ishirini hadi bega likamtoka mahali pake, na aliyemfunga bega lile alikuwa Nesi. Ndiye pia aliyemlazimisha anunue mashine. "Ukirudia kukata kwa mkono," alimwambia, "nitakufunga bandeji hadi mdomo."

"Bila hiyo utafanyaje kazi?"

"Nina mkono wa kushoto. Nitaufundisha."

"Kwa nini ulikubali? Hukupima wewe. Ungesema tu!"

Milimita akaacha kusugua.

"Shemeji, wewe ni mume. Mume huachwa. Mimi ni ndugu. Damu haina talaka. Dada atanifokea mwezi huu, mwezi ujao atanuna, mwezi wa tatu atapiga simu kuniuliza kama bega linauma. Wewe akijua ulimdanganya, tena usoni, tena ukanitupia mimi..." Akainua mabega. Moja lilipanda, la pili likabaki. "Sikutaka kuona hesabu hiyo inavyoishia."

"Nitamwambia mimi."

"Lini?"

"Leo."

"Hata asubuhi ilikuwa leo."

Ninyi mnalo jibu? Nami sina.

"Nenda nyumbani," Milimita alisema, na safari hii hakumwita shemeji. "Unanizibia mwanga."

* * *

Alizunguka mtaa mzima hadi saa tisa na nusu, njia nzima anajishonea maneno. "Mke wangu, nina jambo." Hapana, hivyo ndivyo watu huanza wakitaka kuoa mke wa pili. "Mke wangu, unajua ukuta ni kama kiuno." Mungu wangu! "Mke wangu, mimi ni mwongo." Hilo lilikuwa fupi na lilimtosha mwili wake. Akalirudia hadi mlangoni.

Mlangoni akakuta viatu vyeusi, vimepangwa sambamba kama vimepigiwa rula.

Maneno yote yakafumuka.

Viatu vile ni vya mama mkwe. Na mama mkwe huyu si wa kawaida. Kabla hajawa mama mkwe alikuwa mwalimu wake wa kushona, miaka minne, rula ya mbao mkononi. Kila akikosea, rula ilimwangukia kwenye vifundo vya vidole. Sindano alipokuja kuposa, mama alimtazama vidole kwanza, akasema, "Hivi navijua. Apewe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Tunakusubiri wewe tu."

Jikoni kulikuwa na baraza kamili. Nesi amesimama mikono kifuani. Milimita ameitwa, amekaa juu ya boksi kichwa chini, vumbi bado kwenye nyusi. Msumeno uko miguuni pake umefungwa gunia. Mama mkwe ndiye mwenye kiti, na karatasi ya vipimo ameishika mbali na uso, miwani imefungwa kwa kipande cha lastiki kilichobaki kwenye sketi ya mtu.

"Binti yangu amenipigia simu analia," mama alianza. "Anasema kaka yake amemharibia jiko. Nimekuja nimuone huyo mwanangu aliyeanza kukosea uzeeni. Sasa nimesoma hii karatasi mara nne na nina shida."

"Shida gani, mama?" Nesi akauliza.

"Seremala akikosea hukosea mara moja. Huku mbili, kule saba, pengine amepatia. Huyu amekosea kuta tatu, na zote tatu kwa nne. Kosa la namna hiyo halina haraka ndani yake. Lina malezi."

"Malezi ya nani?"

"Yangu," mama alisema.

Milimita akainua kichwa. Sindano akatamani sakafu ya jiko iwe na zipu.

Mama akaivua futi ya kushonea iliyokuwa shingoni mwa Sindano, akainyoosha, akamrudishia.

"Mwanangu, nipimie ukuta ule."

"Mama, mimi kabla ya..."

"Kwanza nipimie."

Alipima. Mikono ilikuwa inajua njia. Kona hadi kona.

"Soma kwa sauti."

"Mia mbili arobaini."

"Vizuri. Andika."

Akachukua chaki mfukoni, akaandika ukutani palepale, juu ya plasta mbichi. Akarudi nyuma. Ndipo alipotazama alichokiandika.

Mia mbili arobaini na nne.

Mkono umemsaliti, ndugu zangu! Mdomo ulisema kweli, mkono ukamchongea.

"Ukuta umekuomba nafasi ya kupumua?" mama aliuliza kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko rula.

Nesi aliutazama ukuta. Akaitazama karatasi. Namba zilezile, mkia uleule wa nne. Akageuka kwa mumewe, na mumewe hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi. Kaka yako siku ile hakuwepo hata mjini. Nilipima mimi, nikakosea mimi, nikamsingizia yeye. Akakubali ili nisiaibike, nikamwacha akubali." Akaiweka chaki chini. "Na chai yako nilikunywa."

Msimcheke kwa hiyo chai. Ndiyo iliyokuwa inamuuma zaidi.

Nesi hakupiga kelele. Alimwendea kaka yake, akaanza kumpangusa vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba, kama mtoto.

"Kaka, nimekutukana bure."

"Umenitukana kidogo tu. Nilitegemea zaidi."

"Mpumbavu wewe." Akacheka, akalia, akafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Halafu bila kugeuka, akasema neno moja kwa mumewe.

"Tutaongea."

Waliooa wanaelewa uzito wa neno hilo. Wasiooa, furahieni ujana.

Sindano alikubali kwa kichwa. Ajabu ni kwamba, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alivuta pumzi ikafika hadi chini. Aibu ilikuwa imemjaa hadi masikioni, lakini ilikuwa yake, imemkaa sawasawa, hajamvalisha mtu mwingine.

* * *

"Saa kumi kasoro dakika kumi," Milimita alisema, akaushika msumeno. "Jamani, mtu wangu yuko njiani. Na mwanamume hatoi neno akalirudisha, labda awe na pesa za makabati mkononi."

"Mashine hiyo haiuzwi," mama mkwe alisema. "Binti yangu, mna bahasha ya dharura. Niliwaona kwa macho yangu mkiishona. Ilete."

Nesi hakusogea.

"Mama, hiyo si... hiyo ni ya bomba likipasuka."

"Kaka yako anauza mkono wake wa kulia. Unataka dharura ije imevaa kengele?"

"Lakini tulikubaliana, mama. Kosa la mtu si dharura."

"Mwenye kosa amekwisha kusema. Sasa tunamwokoa asiye na kosa. Ilete."

Nesi bado hakusogea. Sindano, aliyekuwa anatafuta kazi yoyote ya kufanya duniani, akaruka. Hatimaye kuna kitu anaweza kurekebisha! Akalivuta kopo, akalifungua, akaitoa bahasha. Ilikuwa nene, imetuna vizuri. Uzi mwekundu uko mahali pake. Akatoa mkasi mfukoni, akauweka kwenye mshono, akabana.

Hakukata.

Uzi ulikuwa uleule. Kutoka kwenye kibiringo chake mwenyewe, rangi ileile. Lakini mshono haukuwa wake.

Sindano hushona kwa kurudi nyuma, hatua moja mbele, nusu nyuma, uzi mmoja usiokatika, na fundo analificha ndani. Ukimwamsha usingizini atashona hivyo. Huu ulikuwa vipande vipande. Kila tundu na fundo lake, kila fundo limekatwa peke yake, nadhifu, mafundo yote yameachana kwa kipimo kimoja.

Cherehani haishoni hivyo. Fundi wa nguo hashoni hivyo. Hivyo ndivyo kinavyoshonwa kidonda.

Akaibonyeza bahasha kwa kidole gumba. Ndani kukachakarika karatasi nyepesi, si noti, karatasi ya gazeti, labda hili hili ulilolishika.

"Mbona hukati, mwanangu?" mama mkwe aliuliza. Miwani alikuwa ameivua anaifuta kwa kanga. Hajaona.

Milimita anautazama msumeno wake. Hajaona.

Sindano akainua macho. Nesi alikuwa anamtazama, midomo imekauka, na kichwa chake kilitikisika kidogo sana, mara moja, upande huu na upande ule. Usiseme.

Mtu aliyetoka kukiri uongo wake dakika tano zilizopita, anauliza kwa mdomo gani?

"Hodi!" sauti nzito iliita mlangoni. "Nimefuata msumeno!"

"Kata basi!" mama alihimiza. "Au kuna nini hapo?"

Wote wakamgeukia. Kidole cha Sindano, kilekile cha asubuhi, kilikuwa juu ya mshono ule. Kilianza kuinuka polepole, na mwenyewe hakujua kinaelekea kwa nani.